Haki ya Kutuma

Katika maneno ambayo kizazi chetu kilifundishwa kuyaheshimu, neno kujitegemea lina nafasi ya mbele. Mwezi Machi 1967, muda mfupi baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa maandishi yake juu ya Elimu ya Kujitegemea, na sisi tulioingia katika ualimu miaka iliyofuata tulilibeba neno hilo darasani, shambani na hata kwenye banda la kuku la shule. Lilieleweka kwa urahisi, kwa sababu lilisemwa kwa vijana: shika jembe, lima, kula jasho lako. Lakini neno hilo hilo likipelekwa kwa bibi wa miaka themanini na mbili, anayeishi peke yake nyuma ya ua wa minyaa, kilomita nne kutoka duka lililo karibu, linageuka kuwa fumbo. Bibi huyu hawezi tena kwenda mnadani. Chumvi, sabuni, kiberiti, dagaa na majani ya chai vinamfikia kwa mkono wa mtu mwingine. Je, anajitegemea au hajitegemei? Na yule anayempelekea, anamsaidia kubaki mwenye nyumba, au anamgeuza taratibu kuwa mwombaji ndani ya nyumba yake mwenyewe?

Swali hili si la kitabuni tu. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu nchini Tanzania watu 2,507,568 wenye umri wa miaka 60 na zaidi, yaani asilimia 5.6 ya watu wote. Na umri huo wa miaka 60 ndio ambao Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inautaja kuwa mwanzo wa uzee. Katika vijiji vya Shinyanga na Geita wazee wengi hubaki pale pale walipozeekea. Wanaohama ni watoto. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu, upande wa Kahama, ukafuata mwaka 2001. Lakini hata kabla ya hapo vijana walikuwa wakifuata dhahabu na sururu zao begani. Kijana huaga kwamba anakwenda Nyarugusu au Rwamagasa kwa mwezi mmoja, akakaa miaka sita. Si kwamba amemsahau mama yake. Duara halijatoa, au limetoa na fedha imekwisha, au ameoa huko na ana watoto wake wa kulisha.

Mwaka 2008 huduma ya M-Pesa iliingia nchini, na tangu hapo fedha ya kijana yule inaweza kutoka machimboni hadi kijijini kwa kufumba na kufumbua. Hili ni jambo jema, wala simwungi mkono mtu anayelilalamikia. Hata hivyo, fedha ikishafika kwenye simu bado haijawa chumvi. Ni lazima mtu aende kwa wakala, atoe fedha, apite dukani, anunue, na arudi na kifurushi mpaka mlangoni. Simu imeifupisha safari ya fedha, lakini safari ya chumvi ina urefu ule ule iliyokuwa nao zamani, na miguu ya kuitembea imepungua. Hapo ndipo anapohitajika mtu wa kujitolea.

Watu hao wapo, ingawa si rahisi kuwaona, kwa maana hawana gari lenye maandishi ubavuni wala fulana zenye nembo. Ni akina mama wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, ambao katika matendo yao ya huruma hukusanya kopo la mahindi hapa na mche wa sabuni pale. Ni Waislamu wanaokumbuka kwamba sadaka humfuata mwenye haki nayo hadi alipo. Ni mwanafunzi wa darasa la sita anayepita njia hiyo hata hivyo. Ni kijana wa bodaboda ambaye abiria wake ameshuka kijiji cha pili, naye anazunguka kidogo kupitia kwa mzee bila kudai nauli. Kazi yao ni ndogo ukiitazama kwa siku moja. Ukiitazama kwa mwaka mzima, ndiyo inayoamua kama mzee ataendelea kulala chini ya paa lake au la.

Sasa turudi kwenye fumbo letu. Watu wengi hudhani kwamba kujitegemea ni kutokuhitaji mtu. Kama hiyo ndiyo maana yake, basi hakuna binadamu aliyepata kujitegemea tangu dunia iumbwe, nasi tutazame chumvi tu kuwa ushahidi. Zamani Wasukuma walikwenda kwa miguu hadi Ziwa Eyasi kuchukua chumvi, safari ya siku nyingi katika nyika yenye simba na kiu. Chumvi ya Uvinza, kule Kigoma, nayo ilitembea mbali sana katika biashara ya karne ya 19. Waliokwenda katika safari za namna hiyo ni wenye miguu ya kuzimudu. Mzee wa boma alikaa nyumbani, na chumvi ikamfikia. Hakuna aliyesema kwamba mzee huyo amekuwa tegemezi kwa sababu hakwenda Eyasi mwenyewe. Alikuwa mwenye boma, na vijana walikwenda kwa neno lake na kwa baraka yake.

Mwalimu Nyerere aliligusa jambo hili katika maandishi yake ya mwaka 1962 juu ya Ujamaa kuwa msingi wa usoshalisti. Alieleza kwamba katika jamii ya jadi, mzee aliyeonekana kustarehe bila kufanya kazi alikuwa amekwisha kuifanya kazi hiyo katika ujana wake. Kwa hiyo anachokula leo hakipewi jina la msaada. Ni mavuno ya shamba alilolilima zamani, ila mavuno yenyewe yamechelewa kuiva. Nami naongeza kwamba yako mavuno ambayo hayaivi mpaka mtu mwingine ayabebe kutoka shambani hadi jikoni.

Tofauti kubwa, basi, haiko kati ya mtu anayehitaji na asiyehitaji. Iko kati ya maneno mawili ya lugha yetu: kutuma na kupelekewa. Anayetuma ni mtenda. Neno linatoka kinywani mwake, na miguu ya mwingine inalitimiza. Anayepelekewa ni mtendwa. Kitu kinamjia kama mvua inavyolijia shamba, iwe alikihitaji au hakukihitaji. Katika kutuma, aliye mkubwa ni yule aliyeketi. Katika kupelekewa, mkubwa ni yule aliyesimama na kifurushi mkononi. Kifurushi chaweza kuwa kile kile, chumvi ile ile na sabuni ile ile, lakini hali ya mtu ndani ya nyumba haiwi ile ile.

Wale wa umri wangu watakumbuka jinsi tulivyotumwa tukiwa watoto. Mzee yeyote wa kijiji, awe ndugu au si ndugu, aliweza kumwita mtoto yeyote na kumtuma. Alitema mate chini na kusema, "Nenda, urudi kabla mate haya hayajakauka." Nasi tulikimbia. Sidhani kama kuna mtoto aliyejiona anatoa msaada, au mzee aliyejiona anapokea. Kumtuma mtoto kulikuwa haki ya mzee, na kutumwa kulikuwa sehemu ya kulelewa. Mtoto aliyerudi na chenji pungufu aliulizwa, na aliyerudi nayo kamili alipewa karanga kiganjani. Yote hayo yalikuwa mafunzo ya hesabu, ya uaminifu na ya adabu kwa pamoja, wala hayakuhitaji chaki.

Yupo atakayenijibu kwamba mambo hayo yalikuwa na uonevu wake. Ni kweli. Wapo watoto waliotumwa usiku, waliotumwa pombe, waliotumwa saa za masomo, na mabinti waliotumwa mahali ambapo hawakustahili kufika. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imemkinga mtoto na kazi za kumdhuru, na mwalimu yeyote aliyewahi kuhesabu viti vitupu darasani siku ya mnada ataishukuru. Kwa hiyo sisemi turudishe kila kitu kama kilivyokuwa. Nasema kwamba tulipoondoa ubaya wa kutuma, tuangalie tusiondoe na haki yenyewe. Siku hizi mtu mzima mwenye baiskeli au pikipiki anaweza kuchukua nafasi ya mtoto yule, akatumwa kwa hiari yake. Naona hata heshima ya mzee inazidi hapo, maana mtoto alitumwa kwa kuwa ni mtoto, lakini mtu mzima anatumwa kwa kuwa ameamua kumtambua mzee kuwa mzee wake.

Mataifa mengine nayo yamepita katika njia hii. Huko Uingereza, chama cha wanawake wa kujitolea kilichoundwa mwaka 1938 kilianza, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kuwapelekea wazee chakula kilichopikwa hadi majumbani mwao. Marekani kazi kama hiyo ilianza mjini Philadelphia mwaka 1954. Tena mwezi Machi 2020, ugonjwa wa UVIKO-19 ulipowafungia wazee ndani, zaidi ya watu 750,000 huko Uingereza walijiandikisha kwa siku chache tu ili wawapelekee wanyonge vyakula na dawa. Idadi hiyo inatosha kumnyamazisha yeyote anayesema kwamba Wazungu hawajali wazee wao. Lakini wakati huo huo serikali yao iligawa masanduku ya chakula bure, na kila sanduku lilifungwa kwa orodha moja. Mwenye kupenda hiki na mwenye kukatazwa kile na daktari walipokea sanduku la namna moja. Tendo la kwanza lilimpa mzee miguu, kwa kuwa mtu wa kujitolea aliweza kuulizwa na kuagizwa. Tendo la pili lilimpa mzee chakula, nalo lilikuwa la lazima kwa wakati wake, ila halikuwa na mahali pa kuweka neno lake.

Kwetu sanduku la namna hiyo lina sura yake nyingine. Wageni wanafika na magari, wanashusha mchele, sukari na sabuni, wazee wanapangwa mstari, hotuba inasomwa, picha zinapigwa, mgeni akiwa ameshika upande mmoja wa mfuko na kikongwe upande wa pili. Sukari hiyo ni tamu kama sukari nyingine, na aliyeinywa kwenye uji wake amefaidika. Siwezi kuidharau. Lakini najiuliza kwa nini hakuna mtu anayepigwa picha akinunua sukari dukani. Jibu ni kwamba dukani mnunuzi ni mwenye mali, na mwenye mali hana sababu ya kuonyeshwa kwa watu. Ukitaka kujua kama kifurushi ulichobeba kimeongeza heshima ya mzee au kimeipunguza, jiulize kama ungekibeba bila mtu kukuona.

Hebu sasa tushuke kwenye mambo madogo, maana maadili hukaa ndani ya mambo madogo kama chumvi ikaavyo ndani ya mboga. Katika kijiji kimoja ninachokifahamu, vijana wa kwaya wamejiwekea desturi ya kuwapitia wazee asubuhi ya siku ya mnada. Hawasemi, "Tukuletee nini?" Wala hawasemi, "Una shida gani?" Wanasimama uani, wanapiga hodi, wanasalimu kwa magoti kama inavyopasa, kisha wanauliza: "Mwangaluka, mayu. Leo mnada, unanituma nini?" Na mayu anajibu kama mtu mwenye mambo yake: "Sabuni ya mche, si ya unga. Dagaa wa shilingi elfu moja, na uwaonje kwanza, wasiwe na mchanga kama wale wa juzi. Ukikuta michembe mizuri, uliza bei, lakini usinunue." Katika maneno hayo machache mama mzee amechagua, ameonya, amekumbuka kosa la muuza dagaa, na ametuma mtu kumpelelezea bei ya kitu ambacho hatakinunua. Yupo mnadani, ingawa miguu yake iko nyumbani.

Jioni kijana anaporudi, anaweka vitu chini kimoja kimoja na kutaja bei yake. Kisha anahesabu chenji katika kiganja cha mzee, hata kama ni shilingi mia mbili tu. Desturi hii ya chenji naiona kuwa nguzo ya jambo zima. Mtu hurudishiwa chenji ya fedha yake mwenyewe. Unapomrudishia mzee chenji unamwambia, bila kutamka, kwamba fedha ilikuwa yake na wewe ulikuwa mjumbe. Na akikupa sehemu ya chenji hiyo, au konzi ya karanga, au kibuyu kidogo cha maziwa ya mgando, usikatae kwa kujifanya mwema. Ukikataa kila anachokupa, umejiweka juu yake. Pokea kwa mikono miwili, ushukuru, uende.

Lakini, msomaji ataniuliza, vipi kuhusu mzee asiye na fedha ya kutumia hata kidogo? Je, kutuma bila fedha si kuomba kwa jina jingine? Hili ndilo swali zito kuliko yote, na sitaki kulikwepa. Ni kweli kwamba haki ya kutuma inachechemea isipokuwa na senti nyuma yake. Kwa sababu hiyo navutiwa sana na yaliyofanyika jirani yetu, mkoani Kagera, ambako shirika liitwalo Kwa Wazee lilianza mwaka 2003, huko Nshamba wilayani Muleba, kuwapa wazee fedha kidogo kila mwezi, hasa bibi waliokuwa wakilea wajukuu walioachwa yatima na UKIMWI. Taarifa ya tathmini ya kazi hiyo, ya mwaka 2008, ilipewa jina la chumvi, sabuni na viatu vya shule. Jina hilo peke yake ni somo. Mzee aliyepewa fedha badala ya kifurushi alijua mwenyewe kwamba mwezi huu sabuni isubiri, mtoto apate viatu. Zanzibar nayo, tangu mwezi Aprili 2016, ilianza kumlipa pensheni kila mzee wa miaka 70 na zaidi, bila kuuliza kama aliwahi kuajiriwa. Kiwango cha kuanzia kilikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Huku Bara, kaya maskini zimekuwa zikipata ruzuku kupitia TASAF, na wazee wengi wamo katika kaya hizo. Fedha hizi si nyingi. Hata hivyo, humwezesha mtu kukaa kwenye kiti chake na kusema, "Nenda ukaninunulie," badala ya kusema, "Nionee huruma."

Kutokana na hayo, sikubaliani na wanaosema kwamba kazi ya watu wa kujitolea inaondoa haja ya pensheni, wala na wanaosema kwamba pensheni itaondoa haja ya watu wa kujitolea. Fedha bila miguu hubaki ndani ya simu. Miguu bila fedha huishia kuwa sadaka. Vyote viwili vikikutana ndipo mzee anapokuwa mwenye nyumba. Vilevile sikubaliani na anayesema kwamba jirani akimpelekea mama chumvi, mwana aliyeko machimboni anapata kisingizio. Mwana mwenye kutafuta kisingizio hakikosi. Na mama hawezi kula mboga bila chumvi kwa miaka mitatu ili mwanawe apate kujifunza.

Kuna jambo jingine, zito zaidi, ambalo katika mikoa yetu haliwezi kuachwa. Kwa miaka mingi sehemu za Shinyanga, Geita na Mwanza zimepata sifa mbaya kwa kuuawa kwa vikongwe, hasa wanawake, kwa tuhuma za uchawi. Macho mekundu ya bibi aliyepika maisha yake yote kwa kinyesi cha ng'ombe na vijiti vya pamba, katika nchi iliyopungukiwa miti, yalifanywa ushahidi wa hatia. Mara nyingi nyuma ya tuhuma palikuwa na shamba ambalo mtu alilitamani. Sheria ya Uchawi ilitungwa tangu mwaka 1928, na polisi na mahakama wana kazi yao, lakini sheria haiwezi kukaa na kikongwe jioni. Shirika la MAPERECE la huko Magu lilipoanza kupambana na mauaji hayo, halikuishia kwenye hotuba. Lilikarabati nyumba na kuhimiza majiko yenye moshi mdogo. Walielewa kwamba uovu huu hulelewa na upweke. Nyumba isiyopigwa hodi hutungiwa hadithi. Watu hawajui mwenyewe anakula nini, anaongea na nani, taa yake inazimwa saa ngapi. Na pale wasipojua, hujaza wenyewe.

Mtu anayeingia katika ua ule kila juma, mchana kweupe, akatoka na kikapu kitupu na kurudi nacho kimejaa, anazifuta hadithi hizo bila kutoa hata neno moja la mafundisho. Akiulizwa kisimani, atasema: "Mayu kanituma sabuni, na kagombana na muuza dagaa." Mchawi gani huyo anayegombana na muuza dagaa? Bibi anarudi kuwa bibi. Ndiyo maana nasema kwamba katika nchi yetu kifurushi cha chumvi si suala la mlo peke yake. Pengine ni ulinzi kuliko lile panga linalowekwa chini ya kitanda.

Ni ulinzi wa ardhi pia. Baadhi ya watoto wenye uwezo, wakimwona mama amechoka, humchukua mjini, Mwanza au Dar es Salaam, wakidhani wamemaliza kazi. Nia yao ni njema. Lakini wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Na mama huyu mjini hana jembe la kupewa. Anakuwa mgeni wa daima katika nyumba ya mkwe wake, akiogopa kugusa swichi na kuomba ruhusa ya kuchemsha maji. Kijijini aliacha makaburi ya mume na wanawe, miembe aliyoipanda mwenyewe, na mipaka ya shamba anayoijua kwa miti na mawe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatambua haki ya kimila juu ya ardhi, na inamtambua mwanamke sawa na mwanamume. Lakini mpaka usio na shahidi husogea usiku. Mama akikaa kwake, mpaka una shahidi. Na ili akae kwake anahitaji vitu vichache sana: maji, kuni, chakula, na mtu wa kutuma.

Nakiri kwamba haki hii ina kikomo chake katika maumbile. Ipo siku ambayo mzee hawezi tena kuinua sufuria, au anasahau moto, au anamtuma mtu aliyekufa miaka thelathini iliyopita. Siku hiyo kupiga hodi mara moja kwa juma hakutoshi, na mtu anayeendelea kumwachia kikapu mlangoni na kwenda zake anajidanganya. Hapo ndipo ndugu wakae kikao, na asiye na ndugu apelekwe mahali penye walezi, kama makazi ya wazee ya Kolandoto pale Shinyanga. Hakuna aibu katika hilo. Lakini tusiiharakishe siku hiyo kwa uvivu wetu. Wazee wengine huhamishwa makwao si kwa sababu wameshindwa kuishi peke yao. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kuwafikishia kilo mbili za unga.

Basi, ndugu msomaji, jibu langu kwa fumbo la mwanzo ni hili. Bibi wa miaka themanini na mbili anajitegemea, maadamu neno lake bado linatembea. Miguu inaweza kuwa ya mtu mwingine. Hata macho ya kusomea bei yanaweza kuwa ya mtu mwingine. Kinachomfanya mwenye nyumba ni kwamba akisema sabuni ya mche, inakuja sabuni ya mche. Siku neno lake litakapoacha kutembea, hata akiletewa gunia zima la mchele, atakuwa mgeni kwake. Nasi tulio na miguu bado hatuombwi mali nyingi. Tunaombwa kukubali kuwa wadogo kwa nusu saa, jambo ambalo kwa watu wenye vyeo na elimu ni gumu kuliko kutoa fedha.

Siku ya mnada ikifika, kabla ya kuwasha pikipiki au kupanda baiskeli yako, pita kwa mzee aliye jirani nawe. Piga hodi, usalimu, uulize unatumwa nini, usikilize mpaka mwisho bila kumkatiza. Na ukirudi, hesabu chenji mbele yake.